Maji ya kunywa si maji ya kusafishia damu: bakteria huingiaje kwenye vifaa vya wodi ya figo?

Ikitoka habari kwamba wodi fulani ya kusafisha damu imesimamisha huduma kwa siku kadhaa kwa sababu "maji yamekutwa na bakteria", makundi ya WhatsApp huchachamaa. Mmoja anasema mashine zimechakaa. Mwingine anadai damu za wagonjwa zimechanganyika. Wa tatu anauliza: wauguzi wanakunywa maji ya bomba hilohilo na hawaumwi, sasa tatizo liko wapi? Kisha anajitokeza wa nne, mwenye mama au baba anayehudhuria wodi kama hiyo mara mbili kwa wiki, na swali lake ni moja tu: kesho nimpeleke au nimwache nyumbani?

Huyo wa nne ndiye ninayemwandikia. Mpeleke. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa akiruka zamu ya kusafishwa damu, potasiamu hupanda kwenye damu hadi kuutikisa moyo, na maji yasiyopata pa kutokea hujaa mwilini mpaka kwenye mapafu. Hatari hiyo huja ndani ya siku chache. Kama wodi yake imesimama, aulize anahamishiwa hospitali gani, asikae akisubiri. Bakteria kwenye vifaa ni hatari ya kweli, lakini inapimika na inazuilika, na ndugu wa mgonjwa anayeelewa inavyoanza anaweza kusaidia kuizuia.

Tuanze na jinsi damu inavyosafishwa. Damu hutoka mwilini kwa mrija, hupita kwenye kichujio, kisha hurudi mwilini. Kichujio hicho, ambacho wengi wodini hukiita figo bandia, ni silinda ya plastiki yenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati. Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje ya nyuzi hupita maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu, yakielekea upande wa pili. Taka na chumvi zilizozidi huvuka ukuta wa nyuzi kutoka kwenye damu kwenda kwenye maji, na maji hayo humwagwa.

Tukisema kifaa kimechafuka, tunamaanisha bakteria au mabaki yao yapo mahali yasipotakiwa: ndani ya maji, bomba, mashine, kichujio, au kwenye kifuniko cha katheta, yaani mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa mgonjwa. Maambukizi ni hatua nyingine. Hapo bakteria wameingia kwenye mwili wa mtu na wanazaana. Kipimo cha maji kinaweza kurudi kibaya bila mgonjwa hata mmoja kuugua, na ndiyo sababu maji hupimwa: kulikamata tatizo likiwa bado bombani. Kwa hiyo wodi iliyotangaza kwamba imekuta bakteria na kusimamisha huduma inaweza kuwa ndiyo inayofanya kazi yake vizuri.

Maji mengi kuliko watu wanavyodhani

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza kuhusu wauguzi. Mtu mzima hunywa lita mbili hivi kwa siku, yaani lita 14 kwa wiki. Maji hayo yanapita tumboni kwenye asidi, kisha kwenye ukuta wa utumbo unaochagua cha kupitisha, kisha damu inayotoka huko inapita kwenye ini. Ulinzi huo wa hatua tatu ndio unaotuwezesha kunywa maji yenye bakteria wachache bila kujua.

Mashine ya kusafisha damu kwa kawaida hupitisha mililita 500 za maji kila dakika. Zamu ya saa nne ni lita 120. Anayehudhuria mara mbili kwa wiki, kama walivyo wagonjwa wengi kwetu, damu yake inakutana na lita 240, na anayehudhuria mara tatu inakutana na lita 360. Kati ya maji hayo na damu kuna ukuta mmoja mwembamba wa nyuzi tu. Hakuna tumbo wala ini linalotangulia, na figo ambazo zingetoa uchafu uliopenya ndizo hizo zilizokufa. Kwa hiyo maji ya bomba, ya kisima, ya chupa dukani, hata yaliyochemshwa, hayafai kwa kazi hii yakiwa hivyo yalivyo.

Ndiyo maana nyuma ya kila wodi ya namna hii kuna chumba cha maji. Wagonjwa hawakioni, na siku ya uzinduzi picha hupigwa kwenye mashine mpya, si huko. Maji yanaingia kwenye kichujio cha mchanga na tope, yanapita kwenye tangi la kulainisha linaloondoa chokaa, kisha kwenye matangi ya kaboni, na mwisho kwenye mtambo unaoitwa RO, unaoyasukuma kwa nguvu kupitia utando unaozuia karibu kila kitu kisicho maji. Kutoka hapo yanazunguka kwenye bomba hadi nyuma ya kila kitanda.

Kiini cha tatizo kiko kwenye tangi la kaboni. Mamlaka za maji hutia klorini, au kloramini, ili kuua vijidudu. Dawa hiyo ikifika kwenye damu huvunja chembechembe nyekundu, kwa hiyo kaboni lazima iiondoe, na kiwango chake hupaswa kupimwa kila zamu kabla mgonjwa hajaunganishwa. Lakini maji yakishavuka kaboni hayana tena kinga yoyote. Kuanzia hapo bakteria mmoja aliyepenya hana wa kumzuia. Na msidhani maji safi yatawanyima chakula: tangu 1971 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria aina ya Pseudomonas huzaana hata kwenye maji yaliyokenekwa, wakiishi kwa mabaki madogo kabisa ya virutubisho.

Utelezi ndani ya bomba

Chukua dumu la maji lililokaa nyumbani miezi kadhaa, tia kidole ndani, pitisha ukutani. Utahisi utelezi. Huo ni utando wa bakteria: maelfu kwa maelfu wameshikamana na plastiki na kujifunika kwa ute walioutengeneza wenyewe. Dawa ya kuua vijidudu huua wa juu, walio chini ya ute hubaki. Kesho yake wanaanza upya, na vipande vya utando huo vinamegeka na kusafiri na maji.

Ndani ya mfumo wa maji wa wodi, utando hupenda mahali maji yanaposimama. Kipande cha bomba kilichoachwa baada ya mashine kuhamishwa. Tangi lenye sakafu bapa lisilokauka. Bomba zima siku ya Jumapili wakati hakuna zamu, au saa ambazo umeme umekatika na RO imezimika. Kuna sehemu moja ambayo hata wodi nzuri huisahau: mpira mfupi unaotoka ukutani kuingia nyuma ya mashine. Mashine nyingi hujisafisha kwa maji ya moto, nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, na skrini ikisema zoezi limekamilika kila mtu anaridhika. Lakini moto huo unazunguka ndani ya mashine. Mpira wa nyuma, kwenye mifumo mingi, haufikiwi kabisa mpaka fundi ausafishe kwa namna yake.

Sehemu nyingine ni dumu la bikabonati. Mashine huhitaji maji ya aina mbili ya kuchanganya, yenye asidi na yenye bikabonati. Ya asidi bakteria hawayawezi. Ya bikabonati ni kama chakula kwao. Pale ambapo wodi inachanganya unga wa bikabonati yenyewe, mchanganyiko unapaswa kutumika ndani ya saa 24, kilichobaki kimwagwe, dumu lisafishwe na kuachwa likauke. Kujaziliza mchanganyiko mpya juu ya wa jana, kwa nia njema ya kutopoteza unga, ni kuwapelekea bakteria wa jana chakula cha leo.

Mgonjwa anatetemeka, lakini bakteria hawakupita

Hapa ndipo hata wasomi hutatizika. Nyuzi za kichujio zina vitundu vidogo mno, bakteria mzima hawezi kupenya. Basi mgonjwa anaugua vipi?

Fikiria chandarua. Mbu hapiti, lakini mbu akifia juu yake na kukauka, vumbi la mbawa zake linapita bila shida. Bakteria wengi wa majini wana ukuta wa nje wenye sumu iitwayo endotoksini. Wakifa au wakimegeka, vipande vya sumu hiyo ni vidogo vya kutosha kuvuka nyuzi na kuingia kwenye damu. Mwili unadhani umevamiwa. Mara nyingi ndani ya saa moja au mbili tangu kuunganishwa, mgonjwa aliyefika mzima anaanza kusikia baridi, meno yanagongana, joto linapanda, presha inashuka, kichwa kinauma, wengine wanatapika. Akitolewa kwenye mashine, kwa kawaida hali hutulia baada ya saa kadhaa.

Endotoksini haifi kwa kuchemsha. Ndiyo sababu wazo la "si wachemshe tu hayo maji" halisaidii: moto unaua bakteria na kuiacha sumu yao palepale.

Brazili walipata somo kali zaidi. Februari 1996, mji wa Caruaru ulikuwa kwenye ukame, na kituo kimoja cha figo kilikuwa kikiletewa maji kwa boza kutoka bwawani, maji ambayo hayakuwa yamechujwa na kutiwa klorini inavyotakiwa. Bwawani waliota bakteria wa rangi ya kijani na buluu wanaotoa sumu ya ini iitwayo mikrosistini. Kati ya wagonjwa 131, 116 waliona ukungu machoni, wakapata kichefuchefu na kutapika. Mia moja ini lilishindwa ghafla. Kufikia Desemba mwaka huo vifo 52 vilikuwa vimehusishwa moja kwa moja na sumu hiyo.

Nataja Caruaru kwa sababu ukame na boza hatuvijui kwa kusimuliwa. Bakteria wa jamii hiyo huota pia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Winam upande wa Kisumu na kwenye ghuba ya Mwanza. RO nzuri huizuia sumu hiyo kwa kiasi kikubwa, na kituo cha Caruaru hakikuwa nayo. Lakini hospitali inayobadilisha chanzo cha maji ghafla, leo bomba, kesho boza, inapaswa kuuchukulia mgao wa maji kama dharura ya kitabibu. Tumefanya jambo kubwa kusogeza huduma hii karibu na watu: Kenya kwa mpango wa kukodi vifaa ulioanza 2015 na kufikisha mashine hospitali za kaunti, Tanzania kwa kuifikisha hospitali za rufaa nje ya Dar es Salaam. Maoni yangu ni kwamba tunahesabu mashine kwa bidii na chumba cha maji kwa uvivu.

Bakteria wanapofika kwenye damu wakiwa hai

Kuna njia nyingine, na hizi hazipitii kwenye nyuzi.

Ya kwanza ni kutumia kichujio kimoja mara kadhaa kwa mgonjwa yuleyule, jambo linalofanyika katika nchi mbalimbali kupunguza gharama. Likifanywa kwa kanuni zake linaweza kuwa salama. Lakini mwaka 1982 huko Louisiana, Marekani, wagonjwa 27 kati ya 140 wa kituo kimoja walipata maambukizi ya bakteria wa majini walio ndugu wa mbali wa kifua kikuu. Vichujio vyao vilikuwa vikilowekwa kwenye dawa ya formaldehaidi ya asilimia 2, na bakteria wale walikuwa sugu kwa nguvu hiyo. Baadaye kiwango kilichopendekezwa kikapandishwa hadi asilimia 4.

Ya pili ni maji machafu kurudi nyuma. Miaka ya 1995 hadi 1997, vituo vya Kanada, Marekani na Israel vilipata milipuko ya maambukizi ya damu yaliyofanana. Mashine zilikuwa na tundu la kumwagia maji ya kuandalia kichujio, na vali zake zilipolegea, maji ya bomba la taka yalirudi hadi kugusa mirija ya damu. Na mwaka 2015 na 2016, vituo kadhaa nchini Marekani vilikuwa na matukio 58 ya bakteria kwenye damu. Uchunguzi ulifika kwenye kiboksi cha ukutani nyuma ya kila kiti, mahali mipira ya maji na ya taka inapochomekwa. Ndani yake maji taka yalikuwa yanatuama. Muuguzi anachomeka mpira, mkono unalowa, kisha mkono uleule unafungua katheta ya mgonjwa. Bakteria hawakuhitaji kupita kwenye mashine kabisa.

Hapo tumefika kwenye katheta, na kama utakumbuka kitu kimoja tu kwenye makala hii, kiwe hiki: mara nyingi zaidi maambukizi ya damu ya wagonjwa hawa huanzia kwenye mrija ulio shingoni au kifuani, na si kwenye mashine. Mrija huo umeingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, na ncha yake ya nje hufunguliwa kila zamu. Bakteria wa kawaida wa ngozi, hasa Staphylococcus aureus, wanasubiri pale. Kituo cha Udhibiti na Kinga ya Magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti mwaka 2023 kwamba wagonjwa wa kusafishwa damu nchini humo walikuwa na uwezekano mara 100 zaidi wa kupata bakteria huyo kwenye damu kuliko watu wazima wengine.

Njia salama zaidi ni fistula, yaani upasuaji mdogo mkononi unaounganisha mshipa mmoja na mwingine ili uwe mpana wa kuchomwa sindano. Huchukua wiki kadhaa kukomaa, mara nyingi zaidi ya mwezi. Tatizo letu ni kwamba wagonjwa wengi hufika figo zikiwa tayari zimekwisha, wanawekewa katheta ya dharura, kisha miezi inapita hakuna aliyezungumza nao kuhusu fistula. Ndugu, lizungumzeni ninyi. Ulizeni mapema, hata kabla ya zamu ya kwanza kama daktari ameshaona figo zinaelekea kushindwa.

Na damu kuchanganyika je?

Hofu ya "damu kuchanganyika" inaeleweka, kwa kuwa watu kadhaa hupokezana mashine moja. Lakini damu haiingii ndani ya mashine. Inapita kwenye mirija na kichujio ambavyo ni vya mgonjwa mmoja. Mashine inazungusha tu pampu kwa nje na kupima shinikizo kupitia kijirija chenye kichujio kidogo cha duara, kama sarafu hivi. Kichujio hicho hubadilishwa kwa kila mgonjwa. Damu ikikirukia na kupenya hadi upande wa mashine, mashine inatakiwa isimame, ifunguliwe na fundi na kusafishwa kabla ya kumpokea mtu mwingine.

Kinachohama kirahisi zaidi ni kilicho juu: vitufe vya skrini, mikono ya kiti, kamba ya presha, na glavu ambazo hazikubadilishwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, kiti kinatakiwa kiwe kitupu kwanza, ndipo kila kitu kifutwe kwa dawa na kuachwa kikauke. Zamu zikibanana, hatua hii ndiyo ya kwanza kurukwa. Kwa homa ya ini B, ambayo ni kirusi kinachoweza kuishi juu ya vifaa kavu hadi siku saba, mgonjwa hutengewa mashine yake.

Kusoma dalili na kuuliza maswali

Wataalamu hutazama mpangilio. Mgonjwa mmoja mwenye katheta akitetemeka, wa kwanza kushukiwa ni katheta. Wagonjwa watatu wa zamu moja wakitetemeka ndani ya saa moja, macho yote yanaelekea kwenye maji. Mashine moja ikirudia kuleta homa kwa wagonjwa tofauti, mashine hiyo inatolewa kazini. Kwa hiyo usinyamaze kwa kudhani ni kiyoyozi kimezidi. Mwambie muuguzi palepale kwamba unasikia baridi, na ukisikia jirani naye analalamika, liseme hilo pia.

Kuhusu vipimo, viwango vya kimataifa vinataka maji hayo yawe na bakteria pungufu ya 100 kwa mililita na endotoksini pungufu ya yuniti 0.25 kwa mililita, na wodi ianze kuchukua hatua ikifika nusu ya hapo. Maji hupimwa angalau kila mwezi. Watu hulalamika majibu yanachelewa, na sababu ipo: bakteria hawa wa majini huota polepole, kwenye joto la chini na chakula hafifu, kwa siku saba. Maabara ikitumia njia ya kuotesha mkojo, siku mbili kwenye nyuzi joto 37, huenda ikatoa jibu la "safi" kwa maji yasiyo safi.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali haya kwa sauti ya kawaida: maji yalipimwa lini na majibu yalikuwaje? Klorini imepimwa leo? Mipira ya nyuma ya mashine husafishwa lini? Wodi inayojua kazi yake ina daftari, na haitaudhika kulifungua. Yeye na muuguzi wavae barakoa katheta inapofunguliwa, ncha zake zisuguliwe kwa dawa kabla ya kuunganishwa, na nyumbani bandeji isilowe. Mrija huo usitumike kuwekea dripu wala kutolea damu ya vipimo vya kawaida kwenye zahanati ya jirani.

Homa ikija baada ya kurudi nyumbani, usinunue dawa duka la dawa na usisubiri siku ya zamu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, useme mapema kwamba unasafishwa damu na una katheta, na uombe damu ichukuliwe ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dozi ikitangulia, bakteria hujificha kwenye kipimo, na daktari analazimika kubahatisha ni yupi wa kupambana naye.